Kura, Amani na Mkazi: Funzo la Likoni kutoka 1997 hadi 2022

Anayeshuka feri upande wa Likoni na kushika njia ya kushoto hufika Shelly Beach kwa mwendo mfupi wa tuktuk. Jumapili na siku za Idd ufuo huo hujaa familia. Wauza viazi karai, mabuyu na madafu hupata riziki yao hapo, na vijana wa bodaboda hupanga foleni barabarani wakisubiri abiria wa jioni. Riziki hiyo yote inategemea jambo moja: watu wawe na imani kwamba wakienda Likoni watarudi salama.

Imani hiyo iliwahi kuvunjika. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Likoni iliwaka moto. Miaka 25 baadaye, Agosti 2022, wakazi wa Mombasa walikumbwa na jaribio lingine: uchaguzi wa gavana uliahirishwa, kisha ukaahirishwa tena. Safari hii watu walilalamika, wakasubiri, wakapiga kura, na asubuhi wakarudi kazini.

Makala haya yanaeleza yaliyotokea kati ya miaka hiyo miwili, yaani sheria zilizobadilika, watu waliozidai, na kazi inayobaki mikononi mwa mkazi wa kawaida Kenya inapoelekea uchaguzi mkuu wa Jumanne, Agosti 10, 2027.

Usiku wa Agosti 13, 1997

Usiku huo kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi kilichoko kivukoni. Maafisa wa polisi waliuawa na bunduki zikaibwa. Vibanda vya biashara na nyumba vilichomwa. Vijikaratasi vilisambazwa vikiwataka watu wa bara waondoke Pwani.

Katika wiki zilizofuata mashambulizi yalienea sehemu nyingine za pwani ya kusini. Kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 walikimbia makwao. Wengi wao walipata hifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Msako wa vyombo vya usalama nao ulileta machozi mengine, kwani vijana wa Kidigo na Wamijikenda wengine walikamatwa ovyo na kupigwa, wakiwemo wasiohusika kwa lolote.

Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Tume hiyo, pamoja na watafiti wa haki za binadamu, ilionyesha kwamba ghasia za Likoni zilihusiana na siasa za uchaguzi. Malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi na ajira yalikuwa ya kweli na ya muda mrefu. Hata hivyo, kuna waliyoyatumia kama kuni ili kuwahamisha wapiga kura waliodhaniwa kuwa wa upande mwingine.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Usajili wa wapiga kura ulikuwa umekwisha fanyika, na mtu aliyesajiliwa Likoni asingeweza kupiga kura mahali pengine. Aliyekimbia mtaa wake alikuwa ameshanyang'anywa kura yake kabla ya siku ya kura kufika. Kura zilipopigwa Desemba 29, 1997, wengi waliokuwa kwenye sajili ya Likoni hawakuwepo.

Hasara haikuwaangukia waliofukuzwa peke yao. Watalii walitoroka, hoteli za pwani ya kusini zikakosa wageni, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mpishi, mchongaji vinyago, muuza samaki na dereva wa matatu waliumia pamoja, awe mtu wa bara au mwenyeji.

Ni akina nani hasa mashirika ya kiraia?

Maneno "mashirika ya kiraia" huwafanya wengi wafikirie ofisi za Nairobi na magari makubwa. Maana yake ni pana kuliko hiyo. Ni vikundi vyote ambavyo watu huunda kwa hiari yao, nje ya serikali, bila kutafuta faida ya biashara na bila kugombea madaraka. Chama cha akina mama wanaochangishana, kamati ya msikiti, jumuiya ya kanisa, chama cha wavuvi wa kitengo cha ufuo, umoja wa wahudumu wa bodaboda na shirika la kutetea haki, vyote ni sehemu yake. Haki ya kuunda vikundi hivyo imo katika Kifungu cha 36 cha Katiba.

Katika uchaguzi, vikundi hivi hufanya kazi tatu ambazo chama cha siasa hakiwezi kuzifanya kwa uaminifu ule ule. Huwaeleza watu haki zao bila kuwaomba kura. Huangalia kura ikipigwa na kuhesabiwa, na kusema walichokiona. Pia hudai sheria zirekebishwe, hata ikibidi kwenda mahakamani.

Mwaka 1997 kazi hizo zilifanywa katika mazingira magumu. Mashirika na viongozi wa dini walikutana Limuru mwezi Aprili kudai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi, na Julai 7 maandamano yalikabiliwa kwa nguvu katika miji kadhaa. Shinikizo hilo lilichangia kuleta makubaliano ya wabunge yaliyojulikana kama IPPG, ambayo yaliondoa sharti la kuomba leseni ili kufanya mkutano wa hadhara na kuuwezesha upinzani kupata makamishna katika tume ya uchaguzi. Siku ya kura, Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK), Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia walipeleka kwa pamoja maelfu ya waangalizi wa humu nchini. Mwaka huo huo shirika la Muslims for Human Rights, linalojulikana zaidi kama MUHURI, lilianzishwa Mombasa.

Kesi iliyobadilisha njia ya matokeo

Mageuzi ya 1997 hayakutosha. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 kote nchini. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, iligundua kwamba kasoro zilikuwa nyingi katika kila hatua, kuanzia sajili ya wapiga kura hadi ujumlishaji wa matokeo, kiasi kwamba mshindi halisi hangeweza kujulikana. Tume ya uchaguzi ya wakati huo ilivunjwa. Katiba ya 2010 ikaleta Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na kuagiza kwamba upigaji kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama na ulio wazi.

Maneno ya Katiba yalihitaji watu wa kuyasimamia. Kabla ya uchaguzi wa 2017, matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge yalichukuliwa kuwa ya muda tu hadi yathibitishwe Nairobi. Wanaharakati watatu walipinga jambo hilo mahakamani: Maina Kiai, Tirop Kitur na Khelef Khalifa, mtetezi wa haki kutoka Mombasa. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na Juni 23, 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Ilisema kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na hakuna afisa wa Nairobi anayeweza kuyabadilisha. Ni mahakama ya uchaguzi pekee inayoweza kuyagusa.

Kwa mkazi wa Likoni maana yake ni kwamba hesabu iliyofanywa mbele ya macho ya watu wa mtaa ndiyo hesabu yenyewe. Miezi miwili baadaye, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais kwa sababu utaratibu wa Katiba na sheria haukufuatwa, hasa katika kupeleka matokeo. Mwaka 2022 IEBC iliweka fomu za matokeo ya urais kutoka vituo 46,229 kwenye mtandao, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe.

Kazi hii haikuwa bila gharama. Mwaka 2015 akaunti za MUHURI na za shirika jingine la Mombasa, Haki Africa, zilifungwa, na mashirika hayo yakatajwa katika orodha ya washukiwa wa ugaidi. Yalikwenda katika Mahakama Kuu ya Mombasa, ambayo iliyaondolea tuhuma hizo na kuagiza akaunti zifunguliwe. Leo usajili wa mashirika unaongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024 baada ya kungojewa kwa zaidi ya miaka kumi.

Agosti 2022: kura iliyochelewa

Agosti 8, 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, IEBC ilitangaza kwamba uchaguzi wa gavana katika kaunti za Mombasa na Kakamega haungefanyika siku hiyo. Karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo ya wagombea yasiyo sahihi. Siku iliyofuata wapiga kura wa Mombasa walipewa karatasi tano badala ya sita. Tarehe mpya ilipangwa kuwa Agosti 23, kisha ikaahirishwa tena, na mwishowe kura ikapigwa Jumatatu, Agosti 29.

Hapakukosa watu wa kunung'unika. Wagombea walilalamika waziwazi, wafuasi wakashukiana, na kampeni zikaendelea mjini wakati kaunti nyingine zimekwisha apisha magavana wao. Mazingira kama hayo ndiyo yanayotafutwa na wachochezi. Hata hivyo, Likoni haikurudi 1997. Hapakuwa na wimbi la kuchomeana nyumba wala kufukuzana. Abdulswamad Shariff Nassir alitangazwa mshindi na kaunti ikapata serikali mpya.

Ni vigumu kutaja sababu moja, lakini mambo matatu yanaonekana wazi. La kwanza, kosa lilitangazwa hadharani kabla ya karatasi kutumika, na kila mtu alijua tatizo ni nini. La pili, aliyeona amedhulumiwa alikuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa sheria inampa siku 28 baada ya matokeo kutangazwa kupeleka kesi ya kupinga uchaguzi wa gavana, na kwa urais siku 7. La tatu, Mombasa ilikuwa na miaka mingi ya watu kuzungumza. Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani (CICC), linalowaunganisha Waislamu, Wakristo, Wahindu na wafuasi wa dini za jadi, pamoja na mashirika ya haki na wazee wa mitaa, wamekuwa wakikutana na vijana mara kwa mara, hata wakati hakuna kampeni.

Kuna upande mwingine wa mwaka 2022 usiopaswa kufichwa. Mombasa ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 waliosajiliwa, lakini waliojitokeza Agosti 9 hawakufika nusu yao. Mwaka 1997 watu wa Likoni walikosa kura kwa sababu walifukuzwa. Mwaka 2022 wengi waliikosa kwa kukaa nyumbani. Sababu hazifanani, ila debe halihesabu sababu. Pale wengi wanapokaa kando, wachache waliopangwa vizuri huamua kwa niaba ya wote, na anayeshindwa hupata kisingizio cha kusema aliyeshinda hana watu.

Nani hufanya nini siku ya kura

Uchaguzi husimamiwa na IEBC. Serikali ya kaunti haisajili wapiga kura, haihesabu kura na haitangazi matokeo, na rasilimali zake hazipaswi kutumika katika kampeni za mtu yeyote. Jukumu la kaunti katika suala hili ni elimu ya uraia, kama inavyoelekezwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Kituo kimoja cha kura hakipaswi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kupiga kura. Baada ya kufungwa, kura huhesabiwa hapo hapo.

Ndani ya kituo, watu wawili huchanganywa sana: wakala na mwangalizi. Wakala anatoka kwa chama au mgombea na kazi yake ni kulinda kura za aliyemtuma. Mwangalizi ameidhinishwa na IEBC, hana upande, haruhusiwi kugusa karatasi wala kuwaelekeza wapiga kura, na anachofanya ni kuona na kuandika. Kundi la waangalizi wa humu nchini, ELOG, limetumia waangalizi wake tangu uchaguzi wa 2013 kukusanya matokeo kutoka vituo vilivyochaguliwa kama sampuli na kuyalinganisha na yale yanayotangazwa na tume. Takwimu zikilingana, uvumi hupungua nguvu. Zikitofautiana, mahali pa kuanza kuuliza panajulikana.

Msimamizi wa kituo hujaza fomu ya matokeo, 34A kwa urais na 37A kwa gavana, na mawakala hutia saini. Wakala akikataa kutia saini huandika sababu zake, lakini kukataa kwake peke yake hakufuti matokeo. Nakala ya fomu hubandikwa mlangoni au mahali ambapo umma unaweza kuiona. Karatasi hiyo mlangoni ni mali ya kila mkazi. Aliyeipiga picha kwa simu yake ana ushahidi ambao hakuna uvumi wa WhatsApp unaoweza kuushinda.

Miaka mitano kati ya kura na kura

Malalamiko yaliyotumiwa na wachochezi wa 1997, ya ardhi, kazi na kudharauliwa, hayakuanza wakati wa kampeni. Yalikuwa yamekaa bila mahali pa kusemwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana Katiba inataka ushirikishaji wa umma uendelee mwaka mzima, na kaunti ndiyo ngazi iliyo karibu zaidi na mkazi.

Kalenda ya bajeti inafahamika mapema. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Taarifa ya Sera ya Fedha huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30. Katika hatua hizi mkazi wa Shelly Beach anaweza kufika barazani na kuuliza kuhusu taa za ufuoni, njia za kuingilia ufuo wa umma au maji ya bomba, na kurudi mwaka unaofuata kuuliza ahadi ilifika wapi.

Anayetaka kujua zaidi ana Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ya umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Anayetaka hatua ichukuliwe anaweza kuliandikia Bunge la Kaunti ombi rasmi. Si lazima awe na wakili. Kikundi cha mtaa kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinaweza kufanya haya yote kwa jina lake, na sauti ya watu ishirini husikika mbali kuliko ya mtu mmoja.

Mkazi afanye nini kabla ya 2027

• Ajisajili mapema. Mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti halali, na usajili hufanyika katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge. Asiye na kitambulisho aanze na ofisi ya msajili wa watu sasa, badala ya kungoja msongamano wa dakika za mwisho.

• Aliyehama aombe kuhamishiwa kituo kipya. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai.

• Akague jina lake wakati sajili inapofunguliwa kwa ukaguzi. Kosa la jina au la nambari ya kitambulisho hurekebishwa kwa urahisi kabla ya siku ya kura, na kwa taabu siku yenyewe.

• Ajiunge na kikundi kinachoangalia uchaguzi, iwapo hana chama anachokitumikia. Waangalizi huhitaji mafunzo na idhini, na maandalizi huanza miezi mingi kabla.

• Akipokea ujumbe unaotaka kabila, dini au wageni wa mtaa waondoke, asiusambaze. Autunze kama ushahidi na autoe kwa polisi au kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Vijikaratasi vya 1997 vilipita mkono kwa mkono. Simu hufanya kazi ile ile kwa kasi kubwa zaidi.

• Asikubali kuacha kitambulisho chake mikononi mwa mtu kwa ahadi ya fedha. Kitambulisho kilichofungiwa kwenye droo ya mtu mwingine ni kura iliyofukuzwa mtaani, hata kama mwenyewe bado analala kwake.

Watoto wanaocheza Shelly Beach leo hawakuwepo 1997, na wengi hawajasimuliwa. Wazazi na babu zao wanakumbuka. Masimulizi hayo yana nafasi yake barazani, msikitini, kanisani na darasani, yasimuliwe bila kulaumu kabila lolote, ili mwenye kuja 2027 na kijikaratasi kipya akute mtaa unaomjua. Kila mwenye kitambulisho na jina kwenye sajili, na kila kikundi kilicho tayari kukaa kituoni hadi fomu ibandikwe mlangoni, kinapunguza nafasi ya mtu huyo kusikilizwa.